Sukari iwekwe mezani, isitiwe kwenye chupa

Mhariri,

Naandika kumjibu msomaji wenu wa Kampala aliyesema kwenye ukurasa huu kwamba chai bila maziwa na sukari ni chai ya shida, na kwamba hoteli inayompa mgeni chai kavu inamdharau. Niliisoma ile barua nikaiweka kando, jioni nikaisoma tena nikaona hapana, hii lazima ijibiwe, manake mimi nauza chai hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, karibu na laini ya malori, na kama kuna watu wanaona kila siku vile watu wa nchi hizi zetu wanakunywa chai yao basi ni sisi wa mpakani. Na hili jambo si dogo. Kuna watu wanakosa chai kabisa kwenye nchi inayolima chai, na sababu ni sisi tunaouza, tumeshaamua kwa niaba yao kitu gani kiingie kikombeni.

Nianze na wateja. Dereva Mkenya akishuka kwenye trela anataka chai ya maziwa, maziwa na maji nusu kwa nusu, majani yamekolea, na mandazi pembeni. Mtu wa Mbarara huyo usimwekee maji, anataka maziwa matupu yachemke na majani kidogo tu ya kubadilisha rangi. Madereva Wasomali wanataka iliki, mdalasini na sukari ya kutosha, hapo hawana mchezo. Wanaopeleka mizigo Kigali wanauliza kwanza kama kuna tangawizi. Mtanzania wa pwani mara nyingi anataka ya rangi, na akipata limau anashukuru. Wale wa njia ya Juba wanapenda chai nyekundu kwenye glasi na sukari nyingi, na wakisikia una karkade, ile chai ya maua mekundu, wanakaa kabisa. Sasa nikipika sufuria moja ya maziwa, nikamwaga sukari humo humo, nikamimina kwenye chupa na kufunga, hapo nimemhudumia nani? Labda wawili kati ya hao wote, na hao wengine wanakunywa tu kwa sababu wana baridi na safari haijaisha.

Kuna mzee mmoja dereva, amepiga hii barabara ya Mombasa miaka mingi, ana kisukari. Siku ya kwanza aliingia kwangu hakukaa, alisimama mlangoni akauliza, "Binti yangu, una chai ambayo haijaguswa na sukari?" Nikamwambia, "Ipo mzee wangu, karibu ukae, hiyo kwenye chupa haina kitu, sukari iko mezani kwa anayetaka." Hakuniamini. Alimimina kidogo sana kwenye kifuniko cha chupa, akaonja na ncha ya ulimi, akatulia, ndipo akavuta kiti. Akaniambia, "Tangu Eldoret natafuta hii. Kila mahali wanasema mzee subiri tukuchemshie ingine, nikisubiri malori yanasonga, basi naondoka na chupa ya maji." Mtu mzima, mwenye pesa mfukoni, anashindwa kunywa chai kuanzia Eldoret mpaka Malaba, na kwenye hiyo barabara hoteli zimepangana kila kituo. Yule ndugu wa Kampala anayezungumzia dharau ningependa amwone huyo mzee vile alivyoshika kile kikombe na mikono miwili.

Na usifikiri ni wagonjwa tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 hivi, yaani vijiko 6 vya chai, vijiko vya kufuta siyo vile vya kurundika kama kichuguu. Sasa chukua vile vikombe vyetu vya plastiki vya nusu lita, ambavyo Uganda nzima tunavijua, uhesabu sukari iliyomo kwenye chai ya chupa ya hoteli ya kawaida. Kikombe kimoja cha asubuhi kinaweza kumaliza sehemu kubwa ya hizo gramu, halafu kuna cha saa nne, kuna cha jioni, na bado mtu hajagusa soda wala keki. Hajui hata amekula kiasi gani kwa sababu sio yeye aliyepima, alipimiwa jikoni na mtu ambaye hata hajamwona.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wauzaji wenzangu hawapendi kusikia. Sukari nyingi kwenye chai yetu kazi yake ni kuficha upishi mbaya. Chai nyingi tunayotumia huku ni ile ya CTC, majani yanapitishwa kwenye mashine yanapondwa, yanachanwa na kuviringishwa yanatoka punje ndogo ndogo, teknolojia iliyoanzia Assam kule India miaka ya 1930. Viwandani wanazipanga kwa daraja kufuatana na ukubwa wa punje, kuna BP1 yenye punje kubwa, kuna PF1 ambayo inaingia sana kwenye vile vifuko vya kuchovya, kuna PD na D1 ambazo ni vumbi lenyewe. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo inavyotoa rangi na ukali haraka. Dakika 3 mpaka 5 inatosha kabisa. Sisi tunafanya nini? Tunamwaga majani tangu maji yako baridi, yanachemka nusu saa, halafu tunamimina kwenye chupa bila kuchuja vizuri, majani yanakaa mle ndani yanaendelea kutoa tanini, ule ukakasi wa majani, mpaka mchana, chai inakuwa chungu inakamata ulimi, ndipo tunatupia sukari kilo ngapi sijui ili mtu asisikie. Chai iliyochemshwa kwa muda wake na kuchujwa kabla ya kuingia chupani haihitaji hiyo sukari yote. Jaribu nyumbani uone, chuja mapema, utashangaa kijiko kimoja kinatosha mahali ulikuwa unaweka vitatu.

Inaniuma zaidi kwa sababu naona chai yenyewe ikipita hapa mlangoni. Makontena kutoka Fort Portal, kutoka Bushenyi, kutoka Kanungu, yanapita Malaba kwenda mnada wa Mombasa, ule mnada uliohamia pale kutoka Nairobi mwaka 1969. Chai nzuri, ya milima, watu wameichuma majani mawili na kichipukizi. Kule inaonjwa na mabingwa bila maziwa wala sukari, wanavuta kwa kijiko na kutema, bei inapangwa hapo. Halafu sisi wenyewe tulioilima hatujui ladha yake kwa sababu hatujawahi kuikuta bila sukari.

Sasa maziwa. Hapa nakubaliana na msomaji wa Kampala nusu. Chai ya CTC na maziwa zinaelewana sana, na kuna sababu. Maziwa yana protini inaitwa kaseini, hiyo inashikana na tanini za chai, ule ukakasi unapungua, kinywa kinabaki laini. Ndiyo maana chai kali ya punje ndogo inabeba maziwa vizuri na inabaki na ladha yake. Na maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, laktosi, kama gramu 5 hivi kwa kila gramu 100, kwa hiyo chai ya maziwa inatakiwa itiwe sukari kidogo kuliko chai ya rangi. Huku kwetu tunafanya kinyume. Chai ya maziwa ndiyo inapewa sukari nyingi kuliko zote, kwa sababu tunaichukulia ni chai ya heshima na heshima lazima ikolee.

Kuna watu wamesoma wanatuambia tufanye kama Waingereza, chai itengenezwe peke yake halafu maziwa baridi yaongezwe kikombeni. Kwa maziwa ya kiwandani yaliyoshapitishwa kwenye moto sawa, fanya. Lakini maziwa mengi huku yanakuja na vijana wa boda kwenye makopo, mabichi, yametoka zizini asubuhi hiyo, na maziwa mabichi yanaweza kuleta bruselosi na magonjwa mengine, lazima yachemke. Mama zetu walipoamua maziwa, maji na majani vichemke pamoja hawakuwa wajinga, ule upishi unalinda watu. Kwa hiyo chai ya kuchemsha ya kwetu naitetea, mtu asiidharau. Ninachokataa ni ile sukari ya ndani.

Nieleze vile ninavyofanya, labda itamsaidia mtu. Tangawizi naiponda, naiweka kwenye maji kwanza, maji yachemke nayo vizuri, ndipo natia maziwa. Wengi wanatia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, maziwa yanakatika wanasema muuzaji wa maziwa kawaibia, kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kile kinakufa kikichemka. Kwa hiyo ipe moto kwanza. Maziwa yakipanda napunguza moto, yanapanda tena, ndipo majani yanaingia, dakika chache tu, nachuja kwa kitambaa maana chujio la matundu makubwa linapitisha vumbi. Naijaza chupa. Na ninayo chupa ya pili ya chai ya rangi, hiyo hata maziwa haijayaona, kwa sababu kuna watu maziwa yanawasumbua tumbo, na mtu mzima mwenye hilo tatizo hana haja ya kujieleza mbele ya watu hotelini.

Wengine siku hizi wanapenda sukari guru, ile ya miwa isiyosafishwa, hasa upande wa Busia na wale wanaovuka kutoka Kakamega. Ina ladha nzuri sana kwenye chai, ule weusi wake na harufu ya miwa. Lakini usiitie wakati maziwa yanachemka, mara nyingi inayakata. Zima moto, acha itulie kidogo, ndipo uitie, au kila mtu aweke kwenye kikombe chake. Unaona hapo pia tunarudi pale pale, mezani.

Sasa chai zingine, na hapa ndipo msomaji wetu alipotea njia kabisa aliposema maziwa yaingie kwenye kila chai. Chai ya kijani inatoka kwenye mti ule ule mmoja na chai nyeusi, tofauti ni kwamba majani yake yanapigwa moto mapema yasigeuke rangi. Ladha yake ni nyepesi, ya majani mabichi, ukiweka maziwa umeizika, unabaki na maziwa yenye harufu ya nyasi. Na maji yake yasiwe yanatokota, digrii 70 mpaka 80 zinatosha, ukishachemsha birika fungua kifuniko usubiri dakika chache. Wanaosema chai ya kijani ni chungu wengi wameimwagia maji ya moto sana wakaiacha humo, halafu wanakimbilia asali. Chai nyeupe ndiyo nyepesi zaidi, hiyo iache kama ilivyo. Wachina wameinywa chai bila maziwa wala sukari karne na karne na hakuna anayesema ni watu wa shida. Wamoroko wao wanachukua chai ya kijani na nanaa na wanatia sukari nyingi kweli kweli, na inakaa sawa, kwa sababu ile nanaa inaibeba. Watibeti wanatia siagi na chumvi. Kila watu na chai yao, lakini wote wanajua wanachokiweka na kwa nini.

Karkade usiiwekee maziwa hata kwa dawa, ina asidi, yanakatika papo hapo. Limau hivyo hivyo, ama limau ama maziwa, huwezi kuvipata vyote viwili kwenye kikombe kimoja. Limau kwenye chai ya rangi linapunguza weusi, chai inang'aa, na ukakasi unakuwa wa kupendeza, sukari kidogo tu au hata bila. Mchaichai na mujaja ni majani ya shambani ambayo wengi tunayachuma nyuma ya nyumba, hayo yana harufu yake, mimi nayapenda bila maziwa, ila ukiyachemsha pamoja na chai nyeusi yanapokea maziwa vizuri sana, hilo nampa msomaji wetu.

Kuhusu asali, najua watu wa West Nile watanikasirikia kwa sababu asali yao ni nzuri, na kweli ni nzuri, lakini asali nayo ni sukari, mwenye kisukari asidanganywe kwamba akibadilisha kijiko cha sukari kwa vijiko viwili vya asali amepona. Na zile tembe za utamu zinazouzwa famasi, Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2023 lilishauri watu wasizitegemee kwa kupunguza uzito, ingawa ushauri ule haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, hao wamsikilize daktari wao. Njia ambayo imewasaidia wateja wangu wengi ni kupunguza pole pole, nusu kijiko, wiki kadhaa ulimi unazoea, halafu nusu ingine. Mtu aliyekuwa anaweka vijiko vinne leo ukimpa vinne anasukuma kikombe.

Jambo moja kuhusu watoto halafu niendelee. Asubuhi mtoto anapewa chai ya rangi yenye sukari na kipande cha kabalagala, ile chapati ndogo ya ndizi, na tunasema amekula. Hajala. Na chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na dodo, yaani mchicha, hata ukiongeza maziwa bado inazuia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu. Sisemi chai ndiyo imeleta hayo yote, kuna malaria, kuna minyoo, kuna njaa. Lakini mtoto mpe uji au maziwa yenyewe, na wakubwa kama tunakula katogo ya maharage, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na maharage, basi chai tuisogeze mbele saa moja au zaidi.

Najua wenzangu watasema sukari ikiwekwa mezani wateja watamaliza bakuli. Nawaelewa. Nakumbuka mwaka 2011 kilo ilipofika shilingi 7,000 sehemu zingine, tulikuwa tunafungia sukari kabatini. Lakini ukweli ni kwamba mmoja anaweka vijiko vitano, mwingine kimoja, mzee wangu haweki kabisa, na hesabu ya mwisho wa siku haitofautiani sana na ile ya kuimwaga kwenye sufuria. Anayeogopa aweke vile vipakiti vidogo, au ampimie mteja mbele yake. Shida ni mazoea tu.

Na mazoea haya yako zaidi kwenye shughuli kuliko hotelini. Matanga, lumbe yaani sherehe ya kumaliza msiba, harusi, semina zile za ofisi zenye chai ya saa nne. Kwenye matanga watu wanaleta mchango wa sukari, kilo kwa kilo, ni upendo huo, sitausema vibaya. Lakini kina mama wanaopika wanaimwaga yote kwenye lile sufuria kubwa, na pale kwenye viti vya mbele wamekaa wazee ambao nusu yao wana presha na kisukari, wamelala nje usiku kucha na marehemu, asubuhi hawana cha kuwapasha moto. Wanachukua kikombe wanakishika tu kwa heshima ya wenyeji. Dada zangu, tupike masufuria mawili. Moja la maziwa, moja la rangi, yote bila sukari, na ile sukari ya mchango iwekwe kwenye sinia na vijiko, watoto wapite nayo. Hakuna mfiwa atakayeona amedharauliwa.

Kwa wenye hoteli kubwa za Kampala na Entebbe, ninyi mna wahudumu waliosomea kazi, basi wafundisheni kuuliza maswali mawili tu kabla ya kumimina, maziwa au bila, na tangawizi au bila. Sukari isiwe swali kabisa, iwe mezani. Na yule kijana anayeleta chai ya kijani na jagi la maziwa ya moto pembeni, tafadhali hilo jagi libaki jikoni.

Mwisho kabisa, msomaji wa Kampala akipita Malaba namkaribisha kwa moyo mmoja. Nitampa kikombe cha chai kavu ya Bushenyi, dakika nne, imechujwa, akiinywa nusu na kuona haifai, maziwa yapo na bakuli la sukari liko mbele yake, hatalipia.

Mwenye hoteli,
Malaba, Tororo